Falis Amemaliza Kupika

Bulapesa, Isiolo
12 Oktoba 2024

Assalaam aleikum abaayo, dada yangu,

Tangazo hili liwafikie watoto wa marehemu mzee Sakariye popote walipo, jamaa zetu wa Gotu, Garbatulla na Sericho, madereva wote waliowahi kuegesha lori mlangoni kwake, na yeyote atakayelisikia amjulishe mwenzake: sufuria ya stima imefika.

Imefika jana mchana kwa basi la Nairobi, ndani ya boksi lililo kubwa kuliko kabati la Hooyo. Mama Racho aliacha mitungi yake ya maziwa juani akapita kwenye uzio kuja kuona. Ekuam, yule mlinzi wa godauni la ng'ambo ya barabara, aliuliza kama tumenunua tangi la maji. Nikaitoa, nikaiweka katikati ya chumba, nyeusi, inang'aa, na Hooyo, mama yetu, akaizunguka vile anavyomzunguka ngamia wa kuuzwa. Akaipiga ubavuni. Akafungua kifuniko akachungulia ndani. Akauliza ina umri gani.

Nimesoma kitabu chake cha maelezo chote, pamoja na kurasa za lugha nisizozijua, kwa sababu fundi wa kuchora majina ya malori kama mimi hapati kitu kipya cha kusoma kila siku. Kimeandika kwamba maharagwe makavu, bila kulowekwa, yanaiva kwa dakika arobaini. Nilimsomea Hooyo. Unajua ambulo yake, yale maharagwe mekundu madogo ya siagi na sukari: anayaweka juu ya makaa baada ya Isha na anayakuta alfajiri. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akashika ukuta. Alipopata pumzi alisema maharagwe ya dakika arobaini hayajaiva, yametishwa tu.

Nikamweleza kwamba binti yake ameituma ili apumzike, apunguze makaa, aokoe muda. Akanyoosha kiganja.

"Nipe basi huo muda niuone," akasema.

Kile kisanduku cha waifai pia nimekifunga. Taa zake tatu zinawaka. Niambie sasa nibonyeze wapi.

Kaka yako,
Abdighani

*

Leicester
16 Oktoba 2024

Waaleikum salaam aboowe, kaka yangu,

Nimecheka, halafu nikafika pale kwenye kushika ukuta.

Fungua ile programu niliyokutumia kwenye simu, bonyeza "ongeza chombo", ngoja mlio. Jina nimeshaiandikia: Falis. Hooyo akiuliza mwambie ni heshima, nimeiita jina lake. Kuanzia hapo, kila sufuria ikiwashwa naona huku, na ikimaliza napata ujumbe: Falis amemaliza kupika. Unaweka vitu, unachagua chakula kwenye simu, unaenda zako. Hakuna kupuliza, hakuna kuinama, na stima inayokula ni kidogo. Nitakutumia tokeni usiwe na kisingizio.

Sasa tuongee kama watu wazima. Wewe ulikuwa umekaa pale Juni daktari alipoinua ile picha ya kifua kwenye mwanga, na mimi nilikuwa kwenye simu mkononi mwako. Alisema mapafu yake yamebanikwa. Miaka arobaini ya kufukiza mitungi ya maziwa kwa moshi wa kuni na kupikia makaa ndani ya chumba kimoja. Alisema moshi uishe, si upungue.

Ijumaa nikipiga simu Hooyo ananiambia yuko sawa, ananisalimia watu wote, kisha mtandao unakatika. Mtandao wa Isiolo una adabu sana, unakatika kila anapotaka kukohoa. Ndiyo maana nataka uniandikie. Kwa simu huwezi kusema kitu yeye yuko upande wa pili wa pazia.

Ombi langu la kukaa huku Uingereza bado liko mezani kwa watu wa uhamiaji. Nikivuka mpaka kabla hawajajibu, limekufa, na miaka sita imekufa nalo. Lakini ukiniambia kifua chake kimezidi, nakuja, wabaki na karatasi zao. Nimeshaapa. Hapa kazini nawalisha mama za watu kwa kijiko, wa kwangu namlisha kwa simu.

Kwa hiyo usinidanganye Abdighani. Nitafuata utakachosema wewe.

Barwaqo

*

Bulapesa
3 Novemba 2024

Assalaam aleikum abaayo,

Mambo yamekuwa mazuri kuliko nilivyotarajia, na wewe unajua mimi sitarajii mengi.

Wiki ya kwanza Hooyo aligoma. Alipika wali humo mara moja, akaonja, akaniangalia kama mtu aliyeuziwa ngozi ya mbuzi kwa bei ya ng'ombe. Alisema ni chakula cha wodini, hakina hata harufu ya moto. Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba sufuria haikumhitaji. Alikaa mbele yake amekunja mikono, akingoja kugeuza, kuongeza maji, kupunguza makaa, na yenyewe ikaendelea tu kupumua. Ilipolia kwamba imemaliza, alisimama akatoka nje.

Lakini tumezungumza, mimi na yeye, tukaelewana. Utaona kwenye simu yako inawaka kila siku saa sita. Jiko la makaa limetoka nyumbani. Chumba chetu hakina moshi hata kidogo, pazia nimelifua, ukuta naupaka rangi wiki ijayo. Ukiingia leo utasema ni chumba cha daktari wa meno. Hilo naweza kuliapia popote.

Kifua ni kilekile. Hakijazidi. Kaa na karatasi zako.

Mama Racho anakusalimia, pamoja na watu wa nyumbani kwake. Hooyo anashinda kwao siku hizi, maana muda ule uliomtumia umefika na hajui auweke wapi.

Abdighani

*

Leicester
11 Januari 2025

Aboowe,

Kila siku saa sita na robo, saa zenu, simu inatetemeka ndani ya aproni yangu: Falis amemaliza kupika. Wenzangu wameshajua. Yule Everline wa Kakamega ninayefanya naye zamu ananiuliza, "Mama amepika nini leo?" nami nabuni. Jana nilisema pilau.

Programu inatoa jani moja la kijani kila ukiokoa makaa. Mna msitu sasa. Mwisho wa mwezi iliniandikia kwamba familia yangu ni ya mfano. Ni mara ya kwanza mtu kuandika hivyo juu yetu.

Kitu kimoja tu, kwa nini mnapika haraka hivyo? Naona dakika kumi na mbili, dakika kumi na tatu. Nyama ya ngamia haiivi kwa dakika kumi na tatu hata ukiitukana. Au ni uji? Mpikie vitu vya maana, usimfanye mtoto.

Juu ya karatasi usiniulize tena, nitasema zikiwa za kusemwa.

Barwaqo

*

Leicester
6 Machi 2025

Aboowe,

Ramadhani karim. Nina swali moja. Sufuria imewaka saa sita mchana leo, na jana, na juzi. Nani anakula mchana Ramadhani katika nyumba ya Sakariye?

Kama Hooyo hafungi, amezidiwa. Nijibu leo.

Barwaqo

*

Bulapesa
6 Machi 2025

Abaayo,

Tulia, usifungue begi.

Hooyo anafunga. Anayekula ni Ekuam. Yeye ni mtu wa kanisa, hana haja ya mwezi, na mkewe Akai amekwenda kwao Ngare Mara, kwa hiyo nampikia mahindi mchana kama sadaka. Nilisahau kwamba una jicho ndani ya sufuria yetu. Kuanzia kesho nitawasha jioni, kama Waislamu wengine, na Ekuam atajitegemea.

Kikohozi kipo, sitasema hakipo. Vumbi la mwaka huu linakohoza mji mzima. Imamu mwenyewe anakohoa katikati ya sura. Mvua ikinyesha litatulia.

Abdighani

*

Leicester
20 Aprili 2025

Aboowe,

Ijumaa Hooyo aliongea nami kwa video amekaa wima sana, amejifunga shuka hadi kidevuni, na joto lote hilo la Isiolo. Hakuniuliza nimekula nini. Hajawahi kukosa kuniuliza.

Baadaye nikafungua programu, nikaangalia miezi yote. Hamjaruka siku. Nikajiambia mtu anayepika kila siku yuko sawa, anazeeka tu. Wazee wa hapa kazini tunajua wanaondoka pale wanapoacha kupika, ndipo wanaletwa kwetu.

Lakini nataka nisikie kwako, siyo kwa sufuria. Nije sasa, au ningoje?

Barwaqo

*

Bulapesa
21 Aprili 2025

Abaayo,

Ngoja.

Abdighani

*

Leicester
9 Mei 2025

Aboowe,

Leo Ijumaa hamkushika simu. Hakuna aliyeshika. Simu ya Mama Racho pia imezimwa, na yule mama huwa haizimi hata akiwa msikitini.

Nilitoka kwenye kundi la ukoo mwaka jana kwa sababu ya michango, sasa sina wa kumuuliza. Ninayo sufuria peke yake.

Haijawaka tangu Jumatano. Kwanza nilisema stima imepotea. Lakini stima ikipotea programu inaandika kwamba chombo hakipatikani. Hapa imeandika kwamba Falis yuko tayari. Stima ipo, waifai ipo, sufuria iko kwenye soketi na taa yake inawaka. Kitu ambacho hakipo ni mtu wa kupika.

Nimekaa kwenye ngazi za kazini nikifikiria ni lini nyumba yetu iliwahi kukaa bila kupika. Ni mara moja. Baba alipokufa, wanawake wa Bulapesa waliingia wakabeba jiko letu wakaliweka nje, wakasema nyumba yenye msiba haiwashi moto, na kwa siku tatu chakula kilikuja kwenye masinia kutoka kwa majirani. Nilikuwa na miaka tisa. Niliuliza kwa nini hatupiki, na wewe ukanishika mkono ukanitoa nje.

Leo ni siku ya tatu.

Usiniandikie mzaha. Andika tu.

Barwaqo

*

Bulapesa
10 Mei 2025

Abaayo,

Safari hii sina tangazo.

Hooyo alifariki Jumatano kabla ya adhuhuri, hospitalini, amekaa, kwa sababu kulala alikuwa hawezi. Tulimzika alasiri karibu na Baba. Niliwaomba watu wote wasikupigie, nikasema nitakwambia mwenyewe. Mama Racho alizima simu kwa sababu alijijua hawezi kukushikia siri. Mimi kila nikiifungua simu nikwambie, naona miezi yote niliyokuandikia iko hapo juu.

Alikuwa hapikii sufuria yako. Hajawahi kuipikia baada ya ule wali. Jiko lilitoka nyumbani, hilo ni kweli, lilipita kwenye uzio likaenda kwa Mama Racho, na Hooyo akalifuata. Chumba chetu hakikuwa na moshi. Alikuwa anauvuta kule, wanafukiza mitungi pamoja, wanapika ambulo, wanawasengenya wanunuzi wa Nairobi, anarudi jioni macho mekundu na furaha. Nilimwambia nitakuandikia. Alinishika hapa kwenye kola, wewe unajua nguvu zake.

"Ukimwambia atakuja," alisema, "na akija atapoteza alichokikalia miaka yote hii. Mimi nimeuza maziwa ili asirudi kufukiza mitungi. Mwambie napika."

Sufuria haikuwa na haja ya kujua kilichomo. Nikatia maji. Kila siku saa sita naacha brashi, natoka kazini, natia maji, nawasha, nangoja ilie. Dakika kumi na mbili, ukijaza sana kumi na tatu. Ekuam hakula mahindi yoyote, na nikimwona sasa naona haya. Maji sikuwa na kazi nayo, nikawa naoga. Nimeoga maji ya moto tangu Novemba, abaayo. Hakuna mtu msafi kuliko mimi Bulapesa nzima.

Uliponiuliza uje au ungoje, nilikuwa nimekaa kando yake, na alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Niliandika kurasa mbili. Akauliza naandika nini, nikamsomea. Akasema futa, weka neno moja. Nikaweka. Ningeweza kukuandikia tena nikiwa kazini, yeye hayupo. Hilo sina wa kumsingizia.

Jumanne kulinyesha. Kuni za kufukizia zilikuwa mbichi, na moshi wa kuni mbichi unaujua. Alirudi kabla ya Maghrib akakaa kitini, akakataa chai. Asubuhi nikamchukulia teksi hadi hospitali.

Wanawake walipokuja hawakukuta jiko la kutoa. Wakasimama wakitazamana. Kisha Mama Racho akachukua leso ya Hooyo akaifunika sufuria yako, kwa heshima, maana aliona ndiyo moto wa nyumba hii. Aliogopa kugusa waya. Taa inawaka chini ya leso mpaka sasa, naiona nikiandika.

Nisamehe, au usinisamehe. Nimechoka kukuchagulia.

Abdighani

*

Leicester
19 Mei 2025

Aboowe,

Nimekaa siku hizi zote bila kukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi, na Hooyo hapendi.

Karatasi zilitoka tarehe 22 Januari.

Sikukwambia. Nilitaka kuwashtua, niingie tu mlangoni niseme hodi. Februari kiti cha ndege kilikuwepo, likizo pia, ya wiki moja. Nikafungua programu, nikaona Falis anapika kila siku, majani ya kijani yamejaa, familia ya mfano. Nikasema kama hali ni hii kwa nini niende wiki moja, ningoje Idd kubwa nipate wiki nne, nikae naye vizuri. Mwezi wa nne nilipokuuliza nije au ningoje, nilikuwa na karatasi mkononi, aboowe. Nilihitaji neno moja tu, na neno moja ukanipa.

Yeye alikuwa ananilindia kitu ambacho nilikuwa nimeshakipata. Angeniuliza ningemwambia. Ningekwambia wewe ungemwambia yeye. Wote watatu tuliweka siri nzuri.

Nimetaka kukuchukia na nimeshindwa kuanza, kwa sababu mimi ndiye niliyeiamini sufuria kuliko sauti ya mama yangu. Nilimsikia hajaniuliza nimekula nini. Nilisikia kabisa. Halafu nikaenda kuangalia simu.

Nimejaribu kuifuta ile programu. Inaniuliza kama nina hakika nataka kumwondoa Falis. Nimeiacha.

Tikiti ya Idd bado ipo. Nitakuja kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuniuliza nimekula nini.

Barwaqo

*

Bulapesa
25 Mei 2025

Waaleikum salaam abaayo,

Njoo. Nitakuuliza mimi, ingawa najua si sawa.

Watu wameondoka. Masinia yote nimeyarudisha kwa wenyewe, moja limebaki halina mwenyewe. Mama Racho amerudisha jiko la Hooyo kupitia kwenye uzio, amelisugua mpaka limekuwa la kigeni. Yeye mwenyewe amesema hafukizi tena maziwa mwezi huu. Anakaa pale walipokuwa wanakaa, upande wake, na ule upande mwingine ameuacha wazi.

Mimi sijui kuwasha makaa. Umri wote huu, na sijui. Jana nilikaa nikaitazama leso mpaka adhuhuri, kisha nikaiondoa, nikaikunja, nikaiweka kabatini kwa ajili yako. Nikafungua gunia la Hooyo nikachota yale maharagwe mekundu, makavu makavu, sikuyaloweka. Nikatia maji, nikafunga kifuniko, nikabonyeza.

Najua ujumbe ulikufikia huko kwamba Falis amemaliza kupika. Simu ilipotetemeka pengine ulisimama. Samahani, hapakuwa na njia ya kuuzuia, na jina sijui kulibadilisha. Alikuwa ni mimi.

Nilitia siagi na sukari kama yeye. Nikapeleka bakuli kwa Mama Racho. Alikula akiwa amenipa mgongo, akamaliza lote, akalisuuza bakuli akanirudishia, na hakusema kitu juu ya moshi.

Yaliiva kwa dakika arobaini.

Abdighani